Boti ndogo ya alumini ya kitako bapa: ipi itakufaa kwa uvuvi na uwindaji?

Ukianza kutafuta boti ndogo ya alumini utakutana kwanza na namba ya tarakimu nne: 1032, 1236, 1436, 1448, 1648. Tarakimu mbili za mwanzo ni urefu kwa futi, na mbili za mwisho ni upana wa kitako kwa inchi. Kwa hiyo 1448 ni boti ya futi 14 yenye kitako cha inchi 48, karibu mita 4.3 kwa mita 1.2. Wanunuzi wengi huuliza, "Ni futi ngapi?" na kuishia hapo. Mimi nakushauri uanze na zile tarakimu mbili za mwisho, hasa kama unataka boti moja ikufanyie kazi mbili, msimu huu mshipi na msimu ujao bunduki.

Kazi hizo mbili hazidai kitu kimoja. Mvuvi husimama, hurusha, hugeuka, huinama ubavuni kumtoa samaki, lakini mwendo wake ni wa taratibu na anajua mapema atageuka lini. Mwindaji wa bata maji hukaa kimya kwenye matete kwa muda mrefu, kisha kwa sekunde chache anageuza kiwiliwili, anaelekeza bunduki ya marisau, na risasi inapotoka teke lake linamsukuma nyuma. Ongeza mbwa wa kilo 30 aliyelowa, anayetaka kupandia palepale ubavuni akiwa na ndege mdomoni. Boti inayomtosha mvuvi wa peke yake inaweza kabisa kumtupa majini mwindaji huyo.

Upana kwanza, urefu baadaye

Hapa hesabu kidogo inasaidia kuliko sifa za muuzaji. Boti huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake pamoja na mzigo. Kitako cha 1236 kinagusa maji kwa eneo la mita za mraba 3.1 hivi, kwa hiyo kila kilo 31 unazopakia zinaizamisha sentimita moja zaidi. Cha 1448 kinakaribia mita za mraba 4.9, na kinahitaji kilo 49 kuzama sentimita hiyohiyo. Sasa weka mzigo uleule wa kilo 230, watu wawili na vifaa vyao, kwenye kila moja. Boti ndogo yenye kilo 60 itazama sentimita 9 na ushee. Kubwa yenye kilo 120 itazama kama sentimita 7. Ile nzito ndiyo inayopita kwenye maji machache zaidi, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kuyumba nako kuna hesabu yake, na hii ndiyo iliyonifanya niwe mkali kuhusu upana. Ukirefusha boti kutoka futi 12 hadi 14, nguvu yake ya kukataa kuinama upande huongezeka kwa kadiri ya urefu tu, kama asilimia 17. Ukiipanua kutoka inchi 36 hadi 48, nguvu hiyo inakua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, na inakuwa zaidi ya maradufu: mara 2.4 hivi. Inchi 12 za upana zinakupa kile ambacho futi mbili za urefu haziwezi kukupa.

Ndiyo maana 1436 ndiyo naiamini kidogo kuliko zote. Ina urefu wa kukutia moyo upande mtu wa pili na begi la tatu, lakini upana ni uleule wa boti ya futi 12. Kwa mtu mmoja anayevua mtoni ni chombo kizuri, inateleza vyema na haili mafuta. Kwa wawindaji wawili wanaoweza kugeukia upande mmoja kwa wakati mmoja, hapana.

Kwa macho ya haraka, boti tatu zinazolinganishwa mara nyingi zinakaa hivi. Uzito ni wa bodi tupu, yaani boti bila injini na vifaa, na unatofautiana kati ya kiwanda na kiwanda:

| | 1236 | 1448 | 1648 |
|---|---|---|---|
| Uzito | kilo 50–65 | kilo 100–160 | kilo 130–190 |
| Injini ya juu kabisa | farasi 5–10 | farasi 20–25 | farasi 25–40 |
| Watu wa kuwinda kwa raha | 1 | 2 na mbwa | 3 |
| Kubeba | watu wawili, kwenye pikapu | trela | trela |
| Kujificha kwenye matete | rahisi sana | rahisi | kazi |

1236 ina sifa moja ambayo hakuna nyingine inayoifikia: unaingia nayo mahali ambapo hakuna njia ya trela. Unaishusha, unaiburuta kwenye nyasi, na ndani ya dakika chache uko kwenye bwawa ambalo wenye boti kubwa wanalitazama kwa mbali. Kama maji yako ni ya namna hiyo na unakwenda peke yako, usidanganywe na ukubwa. Ila winda ukiwa umekaa, na mbwa abaki nchi kavu.

1648 inapendeza ukiiona imefungwa injini kubwa na usukani wenye kiti. Inabeba sanamu za bata za kuwavutia ndege, za kutosha kujaza ghuba nzima, na kwenye ziwa lililo wazi inatulia. Tatizo linakuja unapozima injini. Kuisukuma kwa pondo katikati ya mafunjo ni kazi ya watu wawili, upepo unaikamata ubavu, na kuisitiri kunahitaji matete mengi kuliko unavyoweza kukata asubuhi moja. Kwa watu watatu wanaovua zaidi kuliko kuwinda, sawa.

Kati ya hizo, kwa watu wawili wanaofanya kazi zote mbili, mimi naichukua 1448 bila kusitasita.

Neno moja kuhusu uthabiti wenyewe, kwa sababu boti bapa humfanya mtu ajione salama kuliko alivyo. Ukisimama ndani yake kwenye maji matulivu haitikisiki, ni kama sinia. Lakini uthabiti huo uko mwanzoni mwa mwinamo. Ikishainama kiasi fulani na ukingo ukakaribia maji, inakwenda mara moja, bila ule upole wa boti yenye tumbo la mviringo. Maji yaliyoingia ndani yanaongeza hatari. Sentimita 5 tu za maji kwenye sakafu ya 1236 ni lita 150, yaani kilo 150 zinazokimbilia upande ule ule ulioinamia. Upo wa kukumbia maji uwe umefungwa kwa kamba mahali mkono unapofika, na jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe.

Omo ya mraba au omo iliyochongoka

Boti hizi huja na omo, yaani sehemu ya mbele, za aina mbili. Moja ni ya mraba, imekatwa sawasawa na kuinuliwa kidogo mbele. Nyingine imechongoka kiasi na kuwa na kitako kinachoanza kama V mbele, kisha kinalala na kuwa bapa kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti inapofungwa injini.

Ya mraba inakupa nafasi kamili mbele: mahali pa mbwa, pa nanga, pa mtu kusimama na kurusha. Unaigonga ukingoni na kushuka kwa kuvuka mbele bila kulowa. Inapanda juu ya magugu badala ya kujaribu kuyapasua. Lakini upepo ukiamka na maji yakaanza kupigapiga, kila wimbi linagonga kitako chote kwa pamoja. Unaumia mgongo, unalowa, na unalazimika kupunguza mwendo mpaka unafika kwa kutambaa.

Ile iliyochongoka inapasua mawimbi madogo na kurushia maji pembeni. Gharama yake ni nafasi finyu mbele na kuzama kidogo zaidi. Kigezo changu ni umbali wa maji ya wazi unayolazimika kuvuka kufika unakovua au kuwinda. Mito, mabwawa, vinamasi na mikono ya ziwa iliyojificha: ya mraba. Kama njia yako inapita kwenye maji mapana yasiyokingwa na upepo, hata kama unakokwenda ni matete matupu, chukua iliyochongoka. Safari ya kurudi mara nyingi ndiyo yenye upepo. Hata hivyo usiigeuze kuwa boti ya bahari. Ubavu wake bado ni mfupi.

Ribiti au kuchomelewa

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali, na kila upande una haki yake.

Boti ya ribiti hutengenezwa kwa bati jembamba, kwa kawaida milimita 1.3 hadi 1.6, lililounganishwa kwa ribiti nyingi, yaani pini fupi zinazogongwa hadi zikabana. Ni nyepesi na bei yake huwa nafuu. Inanyumbuka kidogo inapogonga, na kunyumbuka huko baada ya miaka ndiko kunakolegeza ribiti na kuleta matone. Habari njema ni kwamba ribiti iliyolegea unaweza kuirudisha mwenyewe: mtu mmoja anashikilia chuma kizito upande mmoja, mwingine anagonga kichwa chake upande wa pili mpaka ikaze tena.

Ya kuchomelewa hutumia bati nene, milimita 2 hadi 2.5, na zile za kazi ngumu hufika 3.2. Inavumilia mawe, visiki na kuburutwa. Kitako chake kinakuwa laini bila vichwa vya ribiti, hivyo inateleza juu ya magogo na tope. Kwa mtu wa kinamasi hilo ni jambo kubwa. Lakini ni nzito, na ikipasuka unahitaji fundi anayejua kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni, ambaye si kila karakana inaye. Jambo moja lisilosemwa mara nyingi: aloi ya 5052, inayotumika sana kwenye bodi hizi, hupata sehemu ya ugumu wake kwa kufinyangwa ikiwa baridi, na joto la kuchomelea huulainisha ugumu huo. Kwa hiyo ukikagua nyufa, usitazame mshono peke yake. Tazama na bati lililo pembeni mwa mshono, hasa tezi na pale mataruma, ile mihimili ya ndani inayoshikilia bati, yanapokutana na sakafu.

Uamuzi wangu: 1236 iwe ya ribiti, kwa kuwa wepesi ndio sababu ya kuinunua. 1448 ya kuwindia kwenye visiki na mawe, lipia ya kuchomelewa. 1448 ya kuvulia ziwa lenye chini ya mchanga au matope, ya ribiti itakutumikia vizuri, na utaokoa fedha za kununulia injini nzuri zaidi.

Mabenchi, na tamaa ya kuyakata

Boti za bei ya chini zina mabenchi matatu yanayovuka kutoka ubavu hadi ubavu. Mwindaji huyaona kama kikwazo: mbwa hana pa kulala, bunduki haina pa kulazwa, na kila ukitembea unaruka. Kwa hiyo watu huchukua msumeno na kulikata la katikati.

Tafadhali usifanye hivyo. Benchi hilo linashikilia mbavu mbili zisifunguke, na ndani yake kuna povu gumu linaloifanya boti ielee hata ikijaa maji. Ukilikata umeondoa uimara na uokozi kwa mkupuo mmoja. Ukitaka sakafu wazi, nunua boti iliyobuniwa hivyo tangu kiwandani, yenye mataruma manene na povu lililohamishiwa pembeni au chini ya sakafu. Vilevile, jukwaa la mbao la kusimamia wakati wa kuvua humwinua mtu, na kila sentimita anayoinuliwa inakula ule uthabiti uliolipia. Kwenye inchi 48 jukwaa fupi linavumilika. Kwenye inchi 36 silipendekezi kabisa.

Kelele na mng'ao

Alumini inapiga kelele. Kasia likianguka sakafuni, samaki anasikia kabla yako: sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mikeka ya mpira au sponji ngumu isiyonyonya maji inatibu sehemu kubwa ya tatizo. Zulia la kawaida hushika maji na kuyaacha yamelala juu ya chuma.

Mng'ao ni shida ya mwindaji. Bati tupu linaakisi jua na ndege wanaliona wakiwa mbali. Rangi isiyong'aa ya udongo au ya majani makavu inatosha, ila alumini hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaokataa rangi ya kawaida. Sugua, osha mafuta yote, kisha anza na rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini. Usipake kamwe rangi ya chini ya boti yenye shaba. Shaba ikigusana na alumini kwenye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Ni sababu ileile ya kuepuka mbao zilizotiwa dawa ya shaba unapotengeneza sakafu au jukwaa, na ya kuokota kila sarafu na waya wa shaba uliodondoka ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Kwenye maji ya chumvi ulaji huo unakwenda kasi zaidi: tafuta bodi ya aloi ya 5052 au 5086, skrubu zake zitengwe na bati kwa plastiki au gundi ya baharini, na uisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila inapotoka.

Injini

Angalia kwanza urefu wa tezi. Nyingi za boti hizi zina tezi ya inchi 15 au inchi 20, na injini huja na mguu mfupi au mrefu kulingana na hapo. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu huacha propela ikivuta hewa. Mguu mrefu kwenye tezi fupi unaning'inia chini mno, na ile faida yote ya kupita kwenye maji machache imekwenda.

Nguvu ya juu inayoruhusiwa huandikwa kwenye kibao cha uwezo kilichopigiliwa ndani ya boti. Marekani hulazimisha kibao hicho kwa boti za injini zisizofika futi 20 zilizotengenezwa tangu Novemba 1972, na kanuni zake zinaipa boti ya kitako bapa yenye kona kali farasi wachache kuliko boti ya umbo lingine lenye vipimo vilevile. Kuna sababu: boti bapa ikikata kona kwa kasi huteleza upande, halafu hushika ghafla. Kumbuka pia kwamba kibao kinahesabu hali nzuri ya hewa. Idadi ya watu iliyoandikwa pale si idadi ya watu wenye bunduki, mabuti marefu na mbwa.

Kwa 1448, farasi 15 hadi 20 ndipo naona raha ilipo. Zaidi ya hapo uzito wa tezini unaanza kuinua omo, maana injini, tanki na nahodha wote wanakaa nyuma. Sogeza tanki na betri mbele. Injini ndogo ya umeme ya kusogelea samaki ni nyongeza nzuri kwa kazi zote mbili. Kadirio linalotumika ni pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za uzito wote, na upepo unadai zaidi. Kwa boti ya kilo 350 ikiwa imepakiwa, injini ya pauni 40 hadi 55 kwa betri moja ya volti 12 inatosha vizuri. Injini za tope zenye mkia mrefu, zinazopozwa kwa hewa, hupita mahali propela ya kawaida inapojisonga kwa magugu. Ila kelele zake ni kubwa, na kwa mvuvi wa maji ya kawaida hazina maana.

Kwa mwindaji kuna hoja ya kisheria pia. Marekani hairuhusiwi kufyatulia ndege wahamao kutoka boti ya injini mpaka injini izimwe kabisa na boti isimame, isipokuwa kwa kumfuata ndege aliyekwisha jeruhiwa katika maeneo yanayoruhusu. Kanuni za namna hiyo ziko sehemu nyingi, kwa hiyo soma za mahali unapowindia. Kiutendaji maana yake ni kwamba unahitaji njia ya kuisimamisha boti mbele na nyuma, iwe pondo mbili zilizochomekwa topeni au nanga mbili, isizunguke wakati umelenga.

Ukinunua iliyotumika

Boti za alumini huishi muda mrefu, na iliyotumika mara nyingi ni ununuzi wa busara kuliko mpya ya daraja la chini. Omba ruhusa ya kuijaribu ikiwa juu ya trela. Ziba tundu la kutolea maji, mimina maji ya kina cha sentimita 5, usizidishe, kwa sababu kwenye 1448 hizo tayari ni lita 245. Kisha ingia chini na tochi. Ribiti inayovuja huanza kwa kung'aa, halafu tone linajikusanya kwenye kichwa chake na kudondoka. Zungushia kila moja alama ya chaki. Chache zilizotawanyika ni kazi ya mchana mmoja. Zikiwa zimejipanga kwenye mstari mmoja chini ya taruma, boti hiyo ilipigwa na kitu au ilibebeshwa kupita kiasi, na bati lenyewe huenda limechoka.

Shika injini kwa mikono miwili na uisukume juu na chini ukitazama tezi. Ikicheza, ubao ulio ndani ya tezi huenda umeoza. Igonge tezi kwa nyundo ya mpira kutoka juu hadi chini: mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu, iliyooza inajibu kwa mlio mzito uliozibwa. Kuibadilisha inawezekana, lakini bei ipungue ipasavyo.

Mwisho pima uzito, na hapa wanunuzi wengi huruka. Povu la ndani ya mabenchi likikaa miaka kwenye maji huyanyonya, na kwa nje huoni chochote. Toa injini na vifaa vyote, pitisha boti na trela kwenye mizani, kisha trela peke yake. Bodi ambayo kiwanda kiliiandika kilo 110 na mizani inasema 150 imebeba lita 40 za maji yaliyofungiwa ndani, na povu lililolowa kiasi hicho halitaielesha siku itakapohitajika. Mwambie muuzaji namba hiyo, na kama hayuko tayari povu lote litolewe na kubadilishwa kwa gharama yake, endelea kutafuta.